Asiteleze

Tangu Jumapili ifutwe, juma letu lina siku sita.
Shuleni watoto wa Vardø huhesabu mosi, tatu, nne,
na hakuna anayeuliza mbili ilizikwa wapi.

Mimi ni karani wa Idara ya Makusudi, dirisha la tatu.
Kila Novemba, kabla jua halijatuaga kwa wiki zake nane,
raia hupanga foleni na kadi zao, nami huwagongea:
KUSUDI: kufunga masanduku ya samaki.
KUSUDI: kulinda mitambo ya upepo.
KUSUDI: kuzaa, mara moja.
Asiye na kusudi hupandishwa meli ya kijivu.
Meli hiyo hurudi tupu, imeoshwa.

Akaja Ragnfrid Oterbakk, miaka themanini na moja,
glavu zimetiwa viraka kwa nyuzi za rangi tatu,
ananuka mafuta ya taa na kahawa iliyochemshwa mara ya pili.
Nikamsomea swali la fomu: Unafanya nini?
"Nafagia theluji mlangoni pa kanisa."
Lile ni Ghala Namba Tano, nikasema. Ndani mna betri.
"Hilo hilo."
Mlango umechomelewa, mama. Haingii mtu.
"Najua. Aliyeuchomelea ni mwanangu."
Sasa wamfagilia nani?
Akanitazama kama unavyomtazama mtoto
aliyevaa viatu upande.
"Alisema atarudi. Hakusema majira.
Akija wakati wa barafu, asiteleze."

Nilicheka. Niseme kweli: nilicheka
hata dirisha la pili wakanyamaza.
Fomu haina kisanduku cha jibu kama hilo.
Nikaandika HANA. Nikagonga.
Wino ulikuwa mwingi, ukanipaka kidole gumba;
nikaupangusa kwenye suruali, nikaita: Anayefuata!

Walimchukua Jumamosi.
Kesho yake, yaani Jumatatu, theluji ilifika kwenye bawaba.
Beleshi lake walikuwa wameliacha, limeegemea ukuta,
mpini umelika mahali pawili, pa mikono miwili.
Jumanne ngazi hazikuonekana tena.
Jumatano nilijiambia napita njia hiyo kwa sababu ni fupi.
Si fupi.

Msinidhanie makubwa. Sijasikia sauti.
Hakuna nuru iliyopenya kwenye nyufa za chuma kile.
Nimewapa kusudi watu elfu kumi na moja,
na usiku nalala chali naiuliza dari
mimi nani alinigongea.
Kadi yangu nimeisoma mara nyingi, haibadiliki:
KUSUDI: kugonga.

Leo saa kumi alfajiri, ikiwa neno alfajiri
lina maana mahali ambapo hakuchi,
nimelishika beleshi.
Chuma kikakwaruza jiwe. Mbwa akabweka ng'ambo ya gati,
kisha akanyamaza katikati,
kama aliyeikumbuka sauti hiyo.
Ngazi ya kwanza.
Ngazi ya pili. Nikaitamka, pili,
neno ambalo adhabu yake ni miezi sita,
na pumzi yangu ikatoka nyeupe, ikakaa hewani kidogo.
Ngazi ya tatu, chini ya barafu, nilikuta majivu.
Tabaka juu ya tabaka, kijivu, meusi, kijivu:
kila asubuhi alikuwa akizoa ya jiko lake
na kuyamwaga hapa, mahali pa kukanyagia.
Miaka mingapi? Sikuweza kukokotoa,
mimi ninayekokotoa gramu za mkate za mji mzima.

Nikarudi nyumbani, nikazoa ya kwangu kwa kofia.

Simjui anayekuja.
Huenda ni doria tu, na kalamu yao, na jina langu.
Huenda ni mwana wa Ragnfrid na moto wake wa kuchomelea,
aje kufungua, aje kuziba zaidi.
Yeyote awaye.
Hapa pana barafu, na mimi nina majivu.